Kipande cha Bati

Leo nimefungua gurudumu la mbele,
theluji ya Strakonice ikijaza dirisha la karakana.
Pikipiki ya baba, ya mwaka hamsini na nne.
Ndani ya ngoma ya breki, kutu,
na vumbi jeusi ambalo sikulipuliza:
Radoslava wa vipuri alinionya,
futa kwa kitambaa kibichi, mapafu hayana spea.

Bitana za viatu zimelika hadi vichwa vya ribiti.
Na kwenye ncha ya kiatu cha kushoto, penye kamu,
kipande cha bati kilichokatwa kwa mkasi wa jikoni,
bado kina nusu ya samaki na herufi tatu: SAR.

Kumbe ndivyo tulivyoteremka milima ya Šumava,
mama nyuma, mimi katikati,
tumeshikiliwa na kopo la dagaa!
"Jumatatu nitanunua mpya," alizoea kusema.
Jumatatu hiyo haijafika.

Ribiti kuukuu nimezitoa kwa kekee.
Mzee Květoslav ameikereza ngoma, unene wa unywele tu,
akikisikiliza kisu kuliko kukitazama.
Nimepiga ribiti mpya, katikati kwanza, kisha pembeni,
nikachonga ncha za bitana mshazari.
Ngoma ikilia sana hupasuka;
hii yangu naitaka bubu.

Springi ya mwisho ilinirukia, ikapotelea chini ya jiko.
Nilitukana kwa sauti ya baba.

Barabara ikikauka nitaijaribu kwenye mteremko wa kanisa.
Bati nimeliosha. Sijui niliweke wapi.
Limo mfukoni, linanichoma paja.