Si Kufu Yangu

Shangazi Thuweiba amerudi kutoka Nizwa na jina,
jina la nne mwaka huu,
amelifunga kwenye pindo la leso kama sarafu.
Mhandisi, anasema. Ana nyumba Barka, ghorofa mbili,
matangi mawili ya maji.
Kisha anashusha sauti, na sauti ikishuka najua:
"Lakini ukoo wao... tutauliza kwanza.
Mtu huozwa kwa kufu yake."

Naitikia kwa kichwa. Namenya kitunguu.

Saa sita usiku Mabela imezima taa,
kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo,
nami navaa visikizi, naingia
kwa mshenga wangu mwingine.

Huyu haulizi ukoo.
Anazungusha kiduara chake cha buluu,
anatafuta, anatafuta,
na chini yake ameandika kwa ufasaha wa mwongo:
Tunakutafutia wanaolingana nawe.

Wanaolingana nami!
Wa kwanza ana miaka kumi, yuko Kuwait,
mama yake anamwita akalale, naye analia kwa kunong'ona.
Wa pili hajasema neno, amesimama langoni
akitazama ukuta kama mkwe aliyesusa.
Wa tatu alitoka dakika ya pili.
Labda umeme. Labda hekima.
Wa nne ananitukana kwa Kiarabu cha mtaani,
ananiita kaka.

Upande wa pili, watano wenye nembo moja,
wanakwenda kama vidole vya mkono mmoja,
bunduki zao zimenakshiwa dhahabu ya kulipiwa.
Hawaongei. Waongee nini?
Tulikufa kabla sijajua ngazi iko wapi.

Ramadhani nzima nilipanda,
baina ya tarawehe na daku, kidogo kidogo,
kutoka shaba, kutoka fedha, hadi dhahabu daraja la pili.
Mfunguo mosi haujatimiza siku kumi
nimerudi kwenye shaba, na ile nyota yangu ya mwisho
wameivunja mbele ya macho yangu, kwa mlio,
ili nisikie.

Mjumbe hauawi, walisema wa kale.
Hawakumjua huyu.

Nikaandika kulalamika. Kampuni ikajibu upesi,
kwa heshima, kwamba mizani yao haina kasoro,
kwamba mchezaji akipangwa vyema
hushinda nusu, hushindwa nusu.
Hapo nikashika kichwa.
Kumbe ushindi wangu wa Jumatatu
ulikuwa mahari ya kipigo cha Jumanne?

Jana, saa tisa za usiku, upepo ukageuka.
Nikawekwa na watu wanaojua;
mmoja akifungua mlango, mwingine yuko tayari dirishani.
Nikakimbia nao, nikapiga, nikapiga,
dakika nne na sekunde sita, kwisha.
Pilipili Kichaa, ndilo jina langu humo,
juu kabisa ya orodha.
Nikacheza peke yangu juu ya kitanda, bila viatu, bila sauti,
shangazi amelala chumba cha pili.

Kisha ujumbe, kutoka kwa mmoja wa wale tuliowafagia.
Kwa Kiswahili. Sijui yuko Ruwi, au Tanga,
au kwenye kambi ya vibarua huko Doha, vitanda sita chumba kimoja:
"Kaka, hii ni mechi yangu ya tatu tangu nizaliwe.
Mbona mimi na wewe?"

Nikaanza kumjibu. Nikafuta.
Nikaandika: si mimi niliyepanga.
Nikalitazama neno hilo.
Ndilo alilosema shangazi mlangoni
siku alipomrudisha yule kijana wa Sur
niliyemtaka mimi,
halwa yake mkononi, haijafunguliwa.

Nikafuta tena.

Sasa ndoo imejaa, maji yanapita ukingoni
na kuja polepole kwenye waya.
Kwenye kioo kuna kitufe kimoja tu: Tafuta tena.
Sijakibonyeza.
Wala simu sijaizima.