Filamu ya Ushguli

Tulianza kubishana kwenye daraja la Enguri.
Wewe, Gocha, ulitaka mlima mzima:
kilele, mabega, theluji,
mawingu na nafasi ya mawingu kuhamia.
Mimi nilitaka ile kona tu
ambapo ukuta wa mnara unatoka jasho
na majani matatu yameota kwenye ufa.
"Safari yote hii, kupiga picha ya majani?"
"Na wewe, safari yote hii,
kupiga kile kilichoko kwenye kalenda ya benki?"
Lada ikakohoa, ikatunyamazisha sote.

Miaka kumi na tisa sasa.
Fungate yetu ilikuwa hema linalovuja
kando ya ziwa Paravani,
na Zenit moja, nzito kama tofali,
uliyoachiwa na mjomba wako wa reli.
Tulipokezana. Moja yako, moja yangu,
kama watu wanaokula kwa kijiko kimoja.
Baadaye ukanunua ya kisasa, inayofikiri yenyewe.
Zenit nikabaki nayo mimi.

Ushguli ilitupokea kwa ukungu.
Bibi Lamara alitupokea kwa kubdari ya moto,
mafuta yakituchuruzika hadi viwikoni,
akauliza anachouliza kila Septemba:
"Huu mlima bado haujawatosha?
Mimi nauona tangu nizaliwe
na sina hata picha yake moja."
Akacheka. Jino lake la dhahabu
ndilo lililokuwa jua la siku ile.

Siku ya kwanza, ukungu.
Ya pili, ukungu, na ng'ombe mwekundu
aliyesimama mbele ya lenzi yako
kama mwenye hati ya kiwanja.
Ya tatu tulipewa jembe, kama ada ya mgeni:
tulichimba viazi vya Bibi Lamara mpaka jioni,
na mlima, nyuma ya pazia lake,
haukutuonea hata huruma.

Ya nne, saa kumi na moja alfajiri,
ulinitikisa bega bila neno.
Gizani nikavaa buti zako, ukavaa koti langu,
tukapanda, umande ukitulowesha magoti,
na Shkhara ikajivua
taratibu, bila haya, kuanzia juu:
waridi, kisha ganda la kitunguu,
kisha rangi ambayo sina jina lake,
na Bibi Lamara naye, nilipomuuliza,
alisema Wasvani huita hiyo "mapema."

Betri yako ikafa kwa baridi.
Ukanyoosha mkono kama zamani. "Zamu."
Moja yako, moja yangu,
vidole vikigongana kwenye kifyatuo,
tukahesabu hadi thelathini na sita.

Kutaisi, wiki iliyofuata,
kijana wa studio akatutandazia filamu mezani.
Tupu. Nyeupe kama maji, mwanzo hadi mwisho.
Haikushika kwenye meno, alisema,
haikusogea hata hatua moja.
Alilisema kwa sauti ya daktari.
Hatukulaumiana. Nani aliiweka, hatukuulizana.
Tukapita sokoni, tukanunua mbilingani.

Jikoni, kisu mkononi, ndipo uliposema:
"Ya saba ilikuwa yangu.
Kulikuwa na wingu dogo, sikio la mwanakondoo."
"Ya nane yangu," nikasema. "Mgongo wako."
"Mgongo? Mlima umefunguka, wewe unapiga mgongo?"
"Na ya kumi. Na ya kumi na mbili."

Ukaweka kisu chini.
Ukanitazama vile unavyotazama bonde
kabla hujaamua pa kusimika miguu mitatu.
"Ya kumi na moja," ukasema, ukiangalia sufuria,
"sikupiga mlima.
Nilipiga buti zangu, miguuni mwako.
Kamba zilikuwa zimefunguka,
nikaogopa utaanguka,
nikapiga kwanza, ndipo nikakuambia."

Mbilingani zikaungua. Tukala mkate.

Mwakani, umeapa, filamu utaiweka wewe,
mchana, mezani, miwani machoni.
Sawa.
Mimi nitaacha buti zangu nyumbani.