Alama Moja kati ya Nne

Umri: sabini na minane. Sifuri.
Vivimbe ubongoni: vitatu. Nusu.
Nguvu za mwili: anajipikia, anajiogesha,
ila ngazi za nyumba yake zimemshinda tangu Krismasi. Nusu.
Pafu, lilikoanzia, bado linawaka. Sifuri.
Nikajumlisha. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili,
na jedwali likanijibu bila kupepesa:
miezi mitatu.

Nje, Sheffield ilikuwa chini ya manyunyu yake ya Februari.
Bi Dorrie Staniforth alikaa kitini na fremu ya chuma kichwani,
skrubu nne zimeuma fuvu, akauliza:
"Hicho kisu chenu, mpenzi, kimefuliwa wapi?"
(Humwita kila mtu mpenzi, hata mkaguzi wa tikiti.)
Uswidi, nikasema.
"Uswidi!" Akaguna kama mtu aliyetiliwa chumvi kwenye chai.
"Miaka thelathini na mmoja nimeng'arisha visu mji huu,
leo kichwa changu nampelekea Mswidi."

Nikamweleza: hakina makali wala mpini.
Ni miale mia moja tisini na miwili ya kobalti,
kila mmoja mnyonge, hupita kama mgeni asiyeketi,
mpaka yote ikutane mahali pamoja,
padogo kama punje ya njegere. Hapo huunguza.
Haba na haba, nikawaza, hujaza hata kibaba cha moto.

Naye akanisimulia karakana:
karatasi za kaki zimefungwa kiunoni na magotini,
kitambaa chekundu kichwani, mchanga na mafuta,
ukitema mate, meusi.
"Katika visu mia ningekwambia kipi kitapinda.
Kwa kidole gumba, lakini. Si kwa karatasi."
Kisha, sauti ileile: "Na karatasi yako inasemaje?"

Swali hilo nimelisomea.
Nimefunzwa kuvuta kiti, kuzima simu,
kusema "baadhi ya watu".
Nikamwambia miezi mitatu ni mstari uliokata umati katikati:
nusu huanguka kabla ya kuufikia,
nusu huuvuka, na mbele kabisa,
mmoja mmoja, wapo wanaotembea miaka.
"Mimi niko upande gani?"

Jedwali halijui. Jedwali halijawahi kumwona mtu.
Linajua sabini na minane, linajua vitatu.
Halijui paka wake kipofu aitwaye Sajini.
"Nimepanda vitunguu saumu," akasema. "Huvunwa Julai."
Akahesabu kwa vidole, Machi, Aprili, Mei,
akasimama kwenye kidole cha tatu, akakitazama
kama kisu chenye kasoro.

Dakika arobaini na saba. Kwenye kipaza sauti
nilimsikia akipiga mluzi ndani ya mashine.

Baba yangu alitoka Aden,
akayaacha mapafu yake kwenye matanuri ya bonde hili.
Daktari alimwambia, Mungu ndiye ajuaye,
naye akashukuru, akavaa koti lake.
Mimi, kijana wa miaka kumi na sita nyuma ya mlango,
ndiye niliyetaka namba.

Mei ikapita. Sikuthubutu kufungua faili lake.
Agosti kikaja kifurushi cha karatasi ya kaki,
ndani vitunguu saumu sita, udongo ungali mizizini,
na kadi yenye maneno matatu:
Upande wa pili.

Alifariki Oktoba. Mwanawe alipiga simu
kuuliza kama kuna anayetaka paka.
Niliingiza tarehe kwenye daftari la wagonjwa: miezi minane.
Mstari wa katikati haukutikisika.
Haujali umeupita kwa hatua ngapi,
hujali tu kwamba uliuvuka.
Usiku ule nilimenya kitunguu cha mwisho.

Asubuhi, mwingine. Umri: hamsini na tisa.
Vivimbe: kimoja.
Nikavuta kiti. Vidole vyangu
vilikuwa bado vinanuka.