Picha Nilizofuta

Mwaka wa kwanza nilipiga Shimo la Mungu
mara mia na kumi na nne.
Nani Newala hana picha ya Shimo la Mungu?
Zangu zilikuwa mbaya kuliko za simu:
ukungu mweupe pee, bonde limepotea,
upeo wa macho umeinama
kama meza ya mamantilie kwenye mchanga.

Mimi ni karani wa mizani, chama cha msingi.
Gunia likishuka begani mwa mchukuzi
najua kilo zake kabla mshale haujatulia.
Nikadhani mwanga nao utapimika hivyo.
Kamera niliinunua kwa malipo ya pili ya korosho,
kwa fundi mmoja wa Masasi aliyechoka na harusi.
Kitufe kimoja kimezama,
mkanda unanuka jasho la shingo nyingine.

Nilijifunza polepole, kwa aibu.
Kwamba jua la saa saba huchimba macho ya watu,
likawaachia mashimo mawili.
Kwamba kuku hasubiri.
Kwamba nikibana pumzi
kama mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano
mkono hutulia.
Kwamba lenzi niliyoiota, ya bei ya pikipiki,
isingenipigia zile hatua mbili za mbele
nilizokuwa naziogopa.

Hatua hizo nilidaiwa na Bi Somoe Chihanga.
"Mbona unanipiga kwa mbali
kama unafukuza ndege mtamani?
Sogea. Mwenye jiwe ni wewe."

Alikuwa anaanika makopa uani,
Julai, baridi bado imelala ukutani.
Nikasogea. Nikachuchumaa.
Ndipo nikaona jambo nisilowahi kuambiwa:
jua lilianguka juu ya makopa meupe,
likarudi juu,
likamwingia chini ya kidevu, chini ya nyusi,
ndani ya mikunjo
ambako jua lenyewe halifiki.
Muhogo ukimwangazia aliyeumenya.
Nikabonyeza mara moja tu.

Usiku ule nilikaa kitandani nikichambua
kama tunavyochambua korosho:
daraja la kwanza, daraja la pili, takataka.
Kadi ilikuwa imejaa.
Nilifuta mia tatu, na nilifuta kwa raha,
kidole kikienda mbio kama cha mhesabu noti.
Vichwa vilivyokatika. Ukungu. Nusu kuku.
Watu wa nyuma waliopita bila kualikwa.

Ile moja nikaisafisha Mtwara mjini,
karatasi ya kung'aa, ukubwa wa kitabu cha mahudhurio,
nikampelekea.
Aliitazama muda mrefu. Akasema ni nzuri.
Akaigeuza, akautazama na mgongo wake,
kana kwamba kuna kilichobaki huko.

"Na ile ya mwaka juzi?
Ile uliyonikata kichwa, ukacheka mwenyewe.
Nyuma yangu Nangumbi alikuwa anapita na baiskeli."

Mzee Nangumbi tulimzika masika.
Mvua ilinyesha hadi tukayaazima maturubai ya ghala.

Nikasema, nitaitafuta.
Mimi ninayejua gunia kwa kulitazama,
neno hilo sikulipima.

Niliitafuta kweli. Kwenye kadi, kwenye simu,
kwenye kompyuta ya kijana wa stendi
aliyesema vilivyofutwa wakati mwingine hurudi.
Walirudi kuku wawili na kona ya paa.

Sasa nina kadi tatu. Sifuti.
Nimekuwa hodari, watu wanasema,
wananiita kwenye unyago, kwenye mahafali,
na kweli, upeo wangu wa macho umenyooka,
macho ya watu yana watu ndani yake.

Bi Somoe sijamwambia.
Naye hajauliza tena.
Ila nikipita uani kwake na kuinua kamera
huacha kuanika, hufuta mikono kwenye kanga,
kisha husogea kidogo kushoto,
akaacha nyuma yake nafasi
yenye upana wa baiskeli.

Siikati.