Ukurasa wa Tisini

Kitabu changu cha tatu: nakala mia mbili,
mia na arobaini bado chini ya kitanda, Majengo,
zinanuka dawa ya mende.

Humo nimemtwika binti wa miaka kumi na minne
mataruma ya mninga, reli ikipanda kuja Moshi.
Nilimpa jina la shangazi, Ndeanasia,
na hasira zangu.

Leo shule ya Kiboriloni wamenirudishia moja,
ina mafuta ya maandazi.
Pembeni, kwa penseli, mwandiko wa kulalia kushoto:
“Mwandishi, taruma lilikuwa la chuma.
Linachoma bega jua likiwaka.
Babu mzaa babu alikufa na kovu lake.”

Nimevuta kiti.
Ndeanasia, samahani. Lete bega.