Nyuzi katika Sufuria

Bogumiła alifunua sufuria akitafuta supu ya shayiri,
akakuta nyuzi nne za besi zinatokota,
zimejiviringa kama tambi zisizotaka kuliwa.
"Hizi zinataka chumvi?"
"Chumvi ndiyo ninayoitoa," nikamjibu.

Jasho la harusi arobaini limeganda kwenye mizingo yake,
sauti imekuwa ya mtu anayeongea ndani ya blanketi.
Maji ya moto huirudisha, wiki mbili,
tatu ukinawa mikono.
Seti mpya ni bei ya viatu vya Kalina,
na mguu wa Kalina haungoji mtu.

Dukani kwa Ignacy, hapa hapa Łódź, nimezipapasa zote.
Za chuma cha pua: kali, zinakwaruza kidole
na kupiga yowe kila nikiteleza.
Za nikeli: zina adabu, lakini adabu tu.
Halafu zile bapa,
laini kama ubavu wa kisu,
zinasema dum
kisha zinanyamaza, kama mtu aliyelipa deni.
Ignacy anaapa hazichakai, watu huzirithishana.
Nimezirudisha kwenye bahasha yake mara tatu.

Jumamosi, harusini Zgierz,
bibi harusi analia, babu yake anaikanyaga polka,
nani ataulizia uzi?

Ila ule wa nne, mnene kuliko wote,
ulipopata joto ulinukia shayiri.
Bogumiła, mezani karibu na spika,
aliinua pua,
akacheka peke yake mpaka wimbo ukaisha.