Robo ya Mzunguko

Nilizitandaza tano juu ya kaunta ya kioo.
Mzee Ollerenshaw akaleta chai bila kuniuliza,
maana mwenye duka humjua mteja atakayekawia.
Nje, Sheffield na manyunyu yake. Madirisha yalitoa jasho.

Ya kwanza ilikuwa ya springi, inauma kama koleo:
unabana, unaachia, umemaliza.
Ya pili alumini, nyepesi mno,
ukiitia mfukoni utasahau kwamba uliilipia.
Ya tatu shaba ya manjano. Nikaiweka kando;
sikuja kutafuta pete.

Kwetu Kigoma kapo ilikuwa penseli
na ukanda wa mpira wa baiskeli,
zungusha mara tatu, funga kwa meno.
Uzi wa tano ulikereketa,
tukasema hiyo ndiyo ladha yake.

Lakini Mwasiti ametimiza kumi na mmoja
na sauti yake imehamia ghorofa ya juu.
Mimi mikao yangu ya vidole ni mitatu tu,
ile aliyonifundisha Ntahondi kwenye ngazi za bweni,
na mkono uliokata nyama kiwandani miaka tisa
haujifunzi wa nne.
Basi ama yeye ashuke, ama mimi nipande.
Kushuka amekataa:
"Baba, huko chini kuna giza."

Ya nne, chuma cha pua, yenye skrubu.
Nzito. Baridi yake ilinifika kiwikoni.
Nikaiweka mstari wa tatu, nikakaza kidogo:
nyuzi zikakoroma.
Nikakaza tena: zikapinda, zikalia kama zilizoonewa.
Nikalegeza robo ya mzunguko.

Hapo.

Mzee akasita, kikombe kikiwa njiani.
Akasema baba yake alimimina chuma ng'ambo ya mto,
miaka thelathini, na hakuwahi kupiga ala yoyote
ila kijiko, mezani, akichelewesha chakula.
Sikujua kama nicheke. Nikacheka.

Ya tano sikuijaribu.
Pauni ishirini na mbili; nilikuwa nimepanga kumi na tano.
Nikalipa, nikapanda basi la mlimani,
chuma ndani ya glavu, ngumi imefungwa,
na tulipofika kilele kilikuwa na joto langu.

Nafungua mlango. Yuko bafuni, maji yanamwagika,
anaimba ule wimbo wetu,
na amepanda tena.

Mstari wa tano, labda.
Viatu bado miguuni, natafuta gitaa.